Kisima Kinachopanda na Bahari

(Hotuba kwa kamati za maji za shehia na walimu wa skuli, Pemba)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, walimu wangu, wajumbe wa kamati za maji, na nyinyi mama zangu mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili muwahi kutoka: sogeeni mbele. Maneno ya leo ni yenu zaidi kuliko ya hawa wenye kanzu waliojaza mstari wa kwanza. Anayeteka ndiye anayekijua kisima.

Nimeombwa nizungumze juu ya bakteria wa maradhi wanaopatikana kwenye maji ya asili, yaani maji ya kisima, ya chemchem, ya mto, ya pangoni, ya bonde la mpunga, na yale ya hori ambako maji matamu yanakutana na ya chumvi. Maji ya mfereji yana wenyewe, nayo yana siku yake.

Naanza na kisima cha maweni, yaani cha ardhi ya mawe. Waliolelewa Micheweni, au wenzetu wa Unguja wa Makunduchi na Jambiani, wanakijua kisima kinachopanda na bahari. Bamvua ikijaa, kamba ya ndoo inakuwa fupi. Bahari ikipwa, unaiongeza. Wazee walilijua jambo hili kabla hakujakuwa na maabara hata moja visiwani humu.

Sasa lizingatieni. Kisima kiko mbali na pwani. Baina yake na bahari kuna nyumba, kuna mashamba, pengine na uwanja wa mpira, na bado bahari inakigusa mara mbili kwa siku. Sababu ni jiwe. Chini ya uwanda kuna matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe la chokaa, nalo limejaa tundu, nyufa na mapango. Maji ya mvua yanazama humo na kukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Bahari ikinyanyuka chini yake, nayo yananyanyuka.

Najua kama yupo mhandisi hapa atasema kinachosafiri ni msukumo, si maji yale yale ya baharini. Kweli. Lakini msukumo umepata njia, na jiwe lililompa njia huyo litampa na mwengine. Jiwe lisiloweza kuizuia bahari haliwezi kuzuia karo la choo.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo penye shida kubwa. Kanuni tunayofundishwa ni mita 30 baina ya choo na kisima. Si kanuni mbaya, ila inategemea udongo. Udongo wa mabonde yetu ya Pemba maji hupita ndani yake polepole, bakteria wananasa kwenye chembe, wanakosa chakula, wanaliwa na vijidudu wengine, na wengi wanakufa kabla ya kufika popote. Udongo unakuchujia bure. Jiwe lenye ufa halichuji. Safari inayochukua miezi kwenye udongo, kwenye ufa inaweza kumalizika kwa siku moja au chini ya hapo. Kwa hiyo mtu wa maweni anayehesabu hatua kutoka chooni mpaka kisimani, akafika arubaini, akarudi nyumbani roho imetulia, amepima kitu kisichomlinda.

Na kuna sifa moja naisikia kila ninapokwenda, husemwa kwa fahari kabisa: "Karo langu miaka kumi hili, halijawahi kujaa." Ndugu yangu, nyumba ya watu wanane, wanaoga humo, wanajisaidia humo, na karo halijai? Basi vyote hivyo vinakwenda mahali. Karo la maweni lisilojaa ni karo linalovuja. Fundi aliyekujengea bila kulitia sakafu amekupunguzia gharama, na jirani yako wa upande wa chini analipa tofauti kwa kila ndoo anayoivuta.

Tuwatazame sasa hao bakteria wenyewe. Mimi huwagawa mafungu mawili, wageni na wenyeji.

Wageni ni wale ambao nyumba yao ni tumbo, na majini wamefika kwa bahati mbaya. Wa homa ya matumbo, Salmonella Typhi, hafugwi na ng'ombe wala kuku. Anakaa kwa binadamu tu. Akipatikana kisimani, ametoka kwa mtu, na mtu huyo pengine haumwi chochote, kwa sababu baadhi ya waliopona hubaki naye kwenye nyongo kwa miaka. Wa kuhara damu, Shigella, naye ni wa tumboni mwetu, na ubaya wake ni uchache: chembe mia moja au pungufu zinatosha kumlaza mtu. Ndiyo maana anapita hata kwa mkono usiooshwa, si kwa maji peke yake.

Hatuwezi kuwatafuta wote hao mmoja mmoja katika kila kisima. Tunamtafuta mwenzao, E. coli, aliyemo ndani ya tumbo la kila mtu na kila mnyama mwenye damu moto. Aina zake nyingi hazina madhara. Kazi yake kwetu ni kutoa ushahidi: akiwepo, kinyesi kimefika.

Nikuelezeni tunavyofanya sisi wa maabara, kwa sababu watu hudhani tunatia dawa ikageuka rangi papo hapo. Tunachukua mililita 100 za maji, kiasi cha vikombe viwili vya kahawa ya barazani. Tunayavuta yapite kwenye karatasi nyeupe ya duara ambayo vitundu vyake ni vidogo hata bakteria hapenyi. Maji yanakwenda, wao wanabaki juu. Karatasi inalazwa kwenye kisahani juu ya chakula chekundu, kisahani kinawekwa kwenye kabati la joto la nyuzi 44, nasi tunakwenda kulala. Joto hilo bakteria wengi wa udongoni na majini hawaliwezi, wa matumboni wanalistahamili. Asubuhi unafungua. Kila aliyenaswa jana peke yake, haonekani, sasa amezaa mpaka amekuwa kidoa cha manjano unachokiona kwa jicho. Unavihesabu vidoa. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yawe na sifuri. Kuna kisahani nakifungua nakuta vitatu. Kuna kingine karatasi nzima imekuwa manjano, hakuna pa kuanzia kuhesabu. Unaandika "havihesabiki", unakwenda kuosha mikono.

Na maji ya kisahani hicho yalikuwa maangavu, ungeweza kusoma kitabu chini yake.

Siku moja kisimani mzee mmoja, mtu wa elimu, alinisimamisha. "Mwanangu, maji haya ni zaidi ya qullatayn. Hayajageuka rangi, hayajageuka ladha, hayajageuka harufu. Wewe unayaharamishaje?" Nilimsikiliza, maana kwenye fiqhi mimi ni mwanafunzi na yeye ni mwalimu. Na hukumu yake ni sahihi kwa madhehebu yetu ya Kishafi: maji yakifika qullatayn, yaani kiasi cha mitungi miwili mikubwa, hayanajisiki mpaka yageuke. Lakini ni hukumu ya tohara. Utayatawadhia, utaogea janaba, utafulia nguo ya kusalia. Kunywa ni mlango mwengine. Bakteria elfu kwenye vikombe vile viwili vya kahawa hawabadilishi rangi, hawabadilishi ladha, hawabadilishi harufu. Kisha nikamkumbusha kwa adabu kwamba sharia hiyohiyo inakataza kukojoa kwenye maji yaliyotuama, na inamlaani anayejisaidia penye maji wanayonywa watu, njiani na kivulini. Akacheka. Akasema: "Basi tutatawadha haya, na ya kunywa tutayachemsha." Mimi sina fatwa bora kuliko hiyo, na kila ninapokwenda naisema kwa ruhusa yake.

Sasa wenyeji. Hapa ndipo maneno mengi ya mikutano ya afya huishia njiani.

Kipindupindu tumezoea kuambiwa ni ugonjwa wa uchafu. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Bakteria wake, Vibrio cholerae, ana nyumba yake majini hata kama hakuna mgonjwa hata mmoja kisiwani. Anapenda maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, maji ya hori na mikoko khasa, na sisi Pemba tumezungukwa na hori kila upande. Anajishika kwenye vidudu vidogo vinavyoitwa kopepodi, jamaa wa uduvi, na magamba yao ndiyo chakula chake. Hali ikiwa mbaya hujizubaisha: yuko hai, lakini ukimpanda kwenye kisahani haoti. Mwanasayansi wa Marekani, Rita Colwell, alitumia miaka mingi kuwashawishi wenzake jambo hili, kwa sababu wengi waliamini vibrio hutoka kwa mgonjwa na kwenda kwa mgonjwa tu.

Msitoke hapa mkaogopa kuingia pwani. Vibrio walio wengi baharini hawana sumu ya kipindupindu. Mwaka 1996 iligunduliwa kuwa jeni za sumu hiyo, yaani maelekezo ya kurithi ya kuitengeneza, huletwa na virusi vinavyowashambulia bakteria wenyewe. Asiyebeba virusi hivyo hatoi sumu hiyo. Lakini aliye nayo akipata njia ya kuingia tumboni mwa mtu, na yule mtu akatoa maji lita kwa lita, na maji hayo yakaingia kwenye karo la maweni lisilojaa, mwenyeji amegeuka mgeni na amerudi na jeshi.

Na hapa kuna jambo ambalo wanakamati lazima mlijue: kipimo chetu cha vidoa vya manjano hakimwoni vibrio. Kisima cha karibu na hori kinaweza kupata sifuri ya E. coli na vibrio akawamo. Ukipewa karatasi ya maabara iliyoandikwa sifuri, soma imeandikwa sifuri ya nini.

Kwa kuwa anajishika kwenye kopepodi, Colwell na wenzake walijaribu kitu rahisi huko Matlab, Bangladesh, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Wanawake walichuja maji kwa nguo kuukuu ya sari, imekunjwa mara nne au zaidi. Bakteria peke yake hupenya nguo, kopepodi hapenyi. Kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48 katika vijiji vilivyochuja. Khanga kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikalainika, ni nguo ya namna hiyohiyo. Mama zangu, nyinyi mnachuja tui kila siku. Sikuambieni khanga inatosha. Nasema usiku wa mafuriko, kuni zimerowa na dawa ya maji haipatikani, khanga mikunjo minne ni bora kuliko mikono mitupu.

Visiwa hivi na kipindupindu ni wazee wa kujuana. Mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu mjini Unguja, na daktari wa Kiskoti aliyekuwa akiishi hapo, James Christie, alifuatilia kilivyosafiri na misafara ya bara na majahazi ya mwambao. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka huohuo wa 1870 hadi 1888, akavuta maji ya chemchem za upande wa Bububu kwa mabomba mpaka mjini. Katika zama zetu kilirudi mwaka 1978, kikaanzia kwenye kijiji cha wavuvi, na kutoka hapo hatujapata raha ya muda mrefu. Mwaka 2009 baadhi ya shehia za Unguja na Pemba zilipewa chanjo ya kunywa. Nusu ya waliostahiki, watu 23,921, walimaliza dozi mbili, na kinga waliyoipata ilikadiriwa asilimia 79. Jambo jema. Lakini mwaka 2015 mlipuko ukaja tena ukaingia hadi 2016, na wauza juisi na urojo wanaukumbuka kwa marufuku yake. Sasa kuna mpango wa serikali wa kukitokomeza, wa 2018 hadi 2027. Miaka iliyobaki ni michache, na makaro ni mengi.

Nani anaweza kujua kitakuja lini? Kwa kiasi fulani, mwenye kipimamvua. Watafiti waliolinganisha wagonjwa wa Zanzibar na hali ya hewa waliona joto likipanda nyuzi moja, wagonjwa wanaongezeka maradufu miezi minne baadaye. Mvua ikizidi kwa milimita 200, wanaongezeka mara 1.6 miezi miwili baadaye. Zingatieni muda huo. Kaskazi kali ya Januari na Februari inatoa habari za mwezi wa tano na wa sita. Kamati inayoanza kutafuta klorini, dawa ya maji, siku mgonjwa wa mwanzo anapofikishwa hospitali imeanza kazi miezi minne baada ya kupigiwa kengele.

Yuko mmoja ambaye simjui nimweke fungu gani. Ni leptospira, wa homa ya mgunda. Anakaa kwenye figo za panya na wanyama wengine, anatoka na mkojo, na kwenye maji baridi au tope anaweza kuishi wiki nyingi. Huyu hasubiri umnywe. Anaingia kwa mchubuko wa mguu. Mwaka 2022 huko Ruangwa, Lindi, waliugua watu 20, na watatu wakafariki. Sisi ni wakulima wa mpunga, tunashinda bondeni tope la magoti, na homa yoyote tunaiita malaria. Ukipimwa malaria ikawa haipo, na macho mekundu, na misuli ya mashavu ya miguu inauma, mwambie daktari: mimi nalima mpunga. Sentensi hiyo moja inaweza kumpeleka kwenye kipimo sahihi. Mwenye kidonda akikifunga vizuri na akapata viatu vya mpira, ni bora. Najua bei yake na najua vinavyonasa kwenye tope, nasema tu.

Nyumbani sitakaa sana. Maji yaliyotekwa safi huharibiwa na kata. Kata inaning'inia ukutani, mtoto anaichukua kwa mkono uliotoka kuchezea kuku, anaizamisha mtungini mpaka kifundo. Tumieni dumu lenye mdomo mwembamba, mimineni, msichote. Kuchemsha: yakishatokota kwa nguvu dakika moja yametosha, hayahitaji nusu saa ya kuni. Klorini: maji yenye tope hula dawa kabla ya dawa kula bakteria, kwa hiyo chuja kwanza, kisha tia, kisha subiri nusu saa. Wanaolalamikia harufu nawaambia wayaache kwenye mtungi wazi, yafunikwe kitambaa tu, mpaka asubuhi, harufu inapungua. Na mtu akianza kuharisha, msingoje gari. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo njiani. Kipindupindu kinaweza kumtoa mtu lita moja kwa saa, na kinachoua ni huko kukauka.

Kumimina klorini kisimani watu wanakupenda, kwa kuwa kunaonekana na viongozi wanapigwa picha. Kisima cha maweni chenye maji yanayopita kinaipoteza dawa hiyo kwa siku moja au mbili. Afadhali mtu akae kisimani na chupa, amtilie kila mama kwenye dumu lake. Kazi hiyo inachosha na haina picha, lakini dawa inafika mdomoni mwa mnywaji.

Ninachokuombeni, wanakamati, ni kitu kimoja kabla ya masika. Kila shehia ichore kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari, visima vyote na makaro yote, na kila karo liandikwe pembeni mara ya mwisho lilinyonywa lini. Yale yaliyoandikwa "halijawahi", yaliyoko maweni, ndiyo tutayoyafuata mwanzo. Sheha asiogope kwamba anamshitaki mtu. Mwenye nyumba hajui kama anamnywesha jirani yake, na wengi wakielezwa wanakubali kutia sakafu, wakipata muda wa kukusanya saruji. Mamlaka ya Maji tutaiomba itupe ramani ya visima vyake ili tuzioanishe.

Chupa za sampuli ziko mezani pale, zimeshasafishwa. Msizioshe tena, na msizifungue mpaka mko kisimani. Tekeni kwa ndoo ileile inayotumika kila siku, si kwa ndoo mpya, maana tunataka kujua mnachokunywa. Andikeni jina la kisima na saa. Wekeni kwenye barafu ya samaki, lakini chupa iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, isije barafu ikaingia. Zinifikie ndani ya saa sita tangu mteke. Watu wa Micheweni mnaotumia daladala ya mwanzo, tekeni alfajiri baada ya sala. Kama bahari imejaa saa hiyo andikeni imejaa, kama imepwa andikeni imepwa. Na wa visima vya jirani na hori, chukueni chupa mbili, ya pili yenye kifuniko chekundu ni ya vibrio, na hiyo msiiweke kwenye barafu kabisa, kwa kuwa baridi inamzubaisha.

Mwenye suali anyanyue mkono, na tuanze na kule mlangoni.